VININI VYA SUKARI: NAMNA YA KUVIMEZA BILA KUJILETEA HATARI



Katika muhula wa pili masomo yetu yalikuwa na siku tatu za maombi na kufunga. Sisi makapita tulipewa kazi ya kupita na kaye, toka darasa hata darasa, kuandika majina ya wote watakaofunga. Tulipofika kwenye lango, mzee wetu wa zamu alitutazama kidogo, kisha akasema: "Muniandike na miye." Tukamwandika, tukafurahi kwamba hata wafanyakazi wanafunga pamoja nasi. Hatukumwuliza neno lingine.

Siku ya pili, kama saa tisa mchana, tulimkuta ameketi chini ya mwembe. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyenyeshewa mvua, mikono ilitetemeka, na maneno yake hayakushikana. Wengine kati yetu walicheka: "Mzee amepiga lutuku mu siku za maombi!" Mwanafunzi mmoja msichana wa mwaka wa nne, ambaye nkambo wake ni mgonjwa wa sukari, ndiye hakucheka. Alikimbia jikoni, akarudi na kikombe cha mayi yenye sukari. Mzee alikuwa bado anaweza kumeza, akanywa polepole. Baada ya robo saa alianza kutuita tena kwa majina. Lakini jioni, kule kituo cha afya, alianguka mara ya pili, na ilibidi atiwe serumu ya sukari usiku kucha.

Leo yuko mzima na yuko kwenye lango lake. Ndipo tulipojua kwamba kila asubuhi anameza kinini cha glibenklamidi, na kwamba asubuhi zile mbili alikimeza bila kutia kitu kingine kinywani. Yeye alifikiri dawa ni dawa, na kufunga ni kufunga. Nasi tuliokuwa na kaye mkononi hatukujua kitu. Mzee ametupa ruhusa kuandika habari hii bila jina lake. Alisema: "Muandike, juu wengine nao wajue." Basi tumeuliza, tumesoma, na muuguzi wa kituo ametusaidia kusahihisha. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. UGONJWA WENYEWE

Chakula chetu, kiwe bugali ya muhogo, wali, viazi ao mikate, kinageuka sukari ndani ya tumbo. Sukari hiyo inaingia katika damu, na damu inaipeleka kwa mwili wote ili tupate nguvu. Lakini sukari haiwezi kuingia yenyewe katika nyama ya mwili. Inahitaji msaada wa kitu kinachoitwa insulini, ambacho kinatengenezwa na kongosho, ao pankreasi kama tunavyosema katika somo la biolojia.

Tutumie mfano wa bandari yetu ya Kalemie. Boti zinaleta magunia, magunia yanashushwa kando ya ziwa, kisha yanapakiwa katika mabehewa ya reli kwenda Kabalo. Magunia ndiyo sukari. Kando pale yanapowekwa ndiyo damu. Mabehewa ndiyo nyama ya mwili, na insulini ni mtu mwenye ufunguo wa mabehewa. Kama wenye ufunguo ni wachache, ao kama milango ya mabehewa imeshika kutu na haifunguki vizuri, magunia yanajaa kando hata njia ya kupita inakosekana. Ndiyo ugonjwa wa sukari.

Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza inashika zaidi watoto na vijana: kongosho halitoi tena insulini. Hao lazima wachomwe sindano ya insulini kila siku, na vinini haviwezi kuwasaidia. Ya pili ndiyo ya watu wazima, na ndiyo ya wengi. Insulini ipo bado, lakini ni kidogo ao haifanyi kazi sawasawa. Hao ndio wanaopewa vinini. Kwa hiyo mtu asichukue vinini vya nkambo akampa mtoto mgonjwa wa sukari akisema "ni ugonjwa moja". Si ugonjwa moja kwa dawa.

Mtu anajulikana kuwa na ugonjwa huu kwa kupimwa damu. Asubuhi kabla ya kula, kipimo kikifika miligramu 126 kwa desilita ao kupita, na kikirudiwa siku nyingine kikawa hivyo tena, basi ni sukari. Wengi hawajui kama wanayo. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba katika Afrika watu wazima kama milioni 24 wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawajajulikana kuwa nao. Kiu isiyokwisha, kukojoa mara mingi usiku, kukonda bila sababu, vidonda visivyopona, macho kuona ukungu: hayo ni ya kupeleka mtu labo, si ya kungojea.

2. VININI VIWILI VYENYE KUONEKANA SANA

Hapa kwetu tunasema "kinini" kwa dawa yote ya kumeza, kwa sababu ya kinini ya malaria iliyofika zamani. Lakini jina moja lisitudanganye. Vinini vya sukari si vya kazi moja.

Metformini. Hii inazuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na inasaidia insulini kufanya kazi yake. Kwa mfano wetu wa bandari: inafunga mlango wa depo lisitoe magunia mengine, tena inatia mafuta katika milango ya mabehewa. Yenyewe peke yake si rahisi ishushe sukari hata mtu aanguke. Lakini inasumbua tumbo mwanzoni: kuhara, kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni. Ndiyo sababu munganga anaanza na kidogo, mara nyingi kinini kimoja cha miligramu 500 kwa siku, kisha anaongeza polepole. Inamezwa pamoja na chakula ao mara baada ya kula. Wengi wanaiacha juma la kwanza wakisema "dawa hii inaniua tumbo". Wangevumilia na kurudi kwa munganga, kwa maana tumbo linazoea.

Glibenklamidi. Hii inalazimisha kongosho kutoa insulini nyingi zaidi. Ni kama nyapara anayepigia wapagazi kelele wapakie mbio mbio. Siku boti zikifika, ni vizuri. Lakini nyapara huyu hajui kama boti imefika ao haikufika. Hata siku ambayo ziwa lina mawimbi na boti zote zimekaa Moba, yeye anapiga kelele vilevile, na magunia machache yaliyobaki yanapakiwa yote mpaka kando inakuwa tupu. Damu ikikosa sukari, ubongo unakosa chakula chake, na mtu anaanguka. Ndivyo ilivyompata mzee wetu. Kinini hiki kinamezwa mara nyingi asubuhi, pamoja na chakula cha kwanza ao kabla yake kidogo sana, na nguvu yake inaweza kukaa mwilini mpaka saa 24. Ndiyo maana alianguka tena jioni baada ya kupona mchana.

Kuna na gliklazidi, ndugu yake glibenklamidi, inayofanya kazi ya namna ileile, lakini hatari yake ya kuangusha mtu ni ndogo kuliko ya glibenklamidi. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60. Mwenye nkambo anayeimeza asimkataze leo usiku kwa ajili ya maneno yetu. Ampeleke kwa munganga, aulize kama kuna nyingine ya kumfaa.

3. NAMNA DAWA HIZI ZILIVYOPATIKANA

Habari hii imetufundisha sana. Mwaka 1942, wakati wa vita, munganga Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa mpya ya aina ya sulfa katika lopitali ya Montpellier, Ufaransa, kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Akaona jambo la ajabu: wagonjwa wengine walitetemeka, wakashikwa na degedege, na wengine wakafa. Walipopima damu, sukari ilikuwa imeshuka sana. Mwenzake Auguste Loubatières aliendelea kuchunguza kwa mbwa. Mbwa mwenye kongosho, dawa ilishusha sukari yake. Mbwa aliyeondolewa kongosho, dawa haikufanya kitu. Ndipo walipofahamu kwamba dawa inapitia kongosho. Kutoka kule zikatokea dawa za jamaa ya glibenklamidi. Maana yake ni nini? Hatari ya dawa hii ilijulikana kabla ya faida yake. Tokea siku ya kwanza iliangusha watu.

Metformini nayo inatokana na elimu ya jani moja la Ulaya linaloitwa Galega officinalis, lililotumiwa zamani kama dawa ya kienyeji. Munganga Jean Sterne wa Paris ndiye aliyetangaza mwaka 1957 kwamba metformini inatibu sukari ya watu. Tangu jani hata kinini kulikuwa na miaka mingi ya kupima kipimo gani kinaponya na kipimo gani kinaua. Kwa hiyo tusidharau majani ya wazee wetu, lakini tusiyachanganye na vinini bila kusema. Jani likishusha sukari na kinini kikishusha sukari, siku moja vyote viwili vinamshusha mtu chini.

4. KANUNI ZA KILA SIKU

a) Kula kwanza ao kula pamoja. Hakuna chakula, hakuna glibenklamidi. Kama siku hiyo nyumba imekosa, ao unasafiri kwa boti na hujui utakula saa ngapi, usiimeze ukiwa na njaa. Muulize munganga mapema afanye nini mtu siku kama hiyo.

b) Saa ileile kila siku. Wengi wanasahau. Tumia kitu kinachokukumbusha: kengele ya kanisa, chai ya asubuhi, kurudi kwa watoto toka masomo.

c) Ukisahau, usiongeze. Kama umesahau metformini ya asubuhi na saa sita unakula, meza na chakula hicho. Kama saa ya kinini kingine imekaribia, acha kile kilichopita. Usimeze viwili pamoja ili kulipa deni. Na glibenklamidi ya asubuhi usiimeze usiku ukienda kulala, kwa maana sukari inaweza kushuka umelala na hakuna anayekuona.

d) Jua jina la dawa, si rangi yake. Kinini cheupe cha jana si lazima kiwe kinini cheupe cha leo. Dawa moja ina majina mawili: jina la dawa yenyewe na jina la kiwanda. Glucophage ni metformini. Daonil ni glibenklamidi. Kuna mtu anayenunua Daonil katika faramasi moja, kisha ndugu anamletea kutoka Kigoma glibenklamidi, akameza zote mbili akifikiri ni dawa mbili. Amejiongezea kipimo mara mbili. Soma jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa. Na hii ni kazi yetu sisi wanafunzi: wazee wengi wa nyumbani hawasomi maandiko ya bahasha, sisi tunasoma.

e) Usikate dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Sukari ikipanda polepole haiumi, lakini inaharibu macho, figo, mishipa na miguu. Mtu anakuja kujua siku kidonda cha mguu kinanuka.

f) Usigawe vinini ili vidumu. Tunajua franga ni ngumu. Lakini nusu ya dawa bila shauri ni kama nusu ya mtumbwi. Kama huwezi kununua yote, sema wazi kwa munganga, kwa maana metformini ni moja ya dawa za sukari zenye bei ndogo, na anaweza kupanga upya. Vikibaki vya siku saba, anza kutafuta vingine, usingoje cha mwisho.

g) Weka mahali pakavu, pasipo joto. Si juu ya dirisha lenye jua, si karibu na makala ya jikoni, si juu kabisa chini ya manjanja. Viache katika pakiti yake, na angalia tarehe ya mwisho. Vikibadilika rangi ao vikivunjika unga, usimeze.

h) Mbali na watoto. Kinini kimoja tu cha glibenklamidi kinaweza kuua mtoto mdogo. Mtoto akimeza, msingoje aonyeshe dalili. Mpeni kitu chenye sukari kama anaweza kumeza, na mkimbieni lopitali saa ileile, pamoja na pakiti.

i) Pombe. Mtu akinywa lutuku na tumbo tupu, ini linashindwa kutoa sukari yake ya akiba. Pamoja na glibenklamidi, anaanguka. Pamoja na metformini, pombe nyingi inaweza kuleta tindikali katika damu, jambo linaloua. Tena mlevi na mtu wa sukari iliyoshuka wanafanana kwa macho, kama sisi wenyewe tulivyokosea chini ya mwembe.

j) Figo. Metformini inatoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa mbaya sana, dawa inabaki na kuleta hatari. Walao mara moja kwa mwaka mgonjwa aombe kupimwa figo labo.

k) Mwanamke akijua ana mimba, ao akifikiri kuipata, aende kwa munganga upesi. Dawa yaweza kubadilishwa. Asiikate yeye mwenyewe kwa kuogopa.

5. MAGONJWA YETU YA HAPA

Hapa tusome kwa makini, kwa maana vitabu vya ng'ambo havisemi sana mambo haya, na ndiyo tunayoishi nayo.

Malaria. Mtu wa sukari akishikwa na malaria, hali chakula, anatapika. Kama anaendelea na glibenklamidi, sukari inashuka. Tena kinini yenyewe ya malaria, hasa ya kutiwa katika serumu, inasukuma kongosho kutoa insulini na inashusha sukari. Viwili pamoja ni hatari. Mgonjwa aseme tangu mlangoni: "Niko mgonjwa wa sukari, niko nameza dawa hii." Asingoje kuulizwa.

Kolera. Mji wetu unaijua. Mtu akihara na kutapika sana, mayi ya mwili yanakwisha, figo zinasimama, na metformini inabaki mwilini. Siku hiyo asimeze metformini, aende kituo mara moja, waganga watamwambia siku ya kuanza tena. Na jambo lingine: kuna wanaokataa serumu ya kunywa kwa sababu ina sukari. Wasikatae! Sukari ile ni kidogo na imetiwa ili tumbo lipokee mayi na chumvi. Kolera inaweza kuua kwa saa chache. Kunywa serumu, sukari itapimwa pale pale.

Dawa za kununua bila karatasi. Sisi Wakalemie tunapenda kununua Bactrim kwa kila kuhara na kila kikohozi. Bactrim ina sulfa ndani yake. Mnakumbuka habari ya Montpellier? Pamoja na glibenklamidi inaweza kushusha sukari mno. Hata siprofloksasini inaweza kufanya hivyo. Upande mwingine, kuna deksametazoni, ile wengine wanaimeza ili wanenepe. Hiyo inapandisha sukari, na inaweza kumfanya mtu ambaye sukari yake ilikuwa inafichika augue wazi. Dada zetu, msidanganywe na mashavu ya miezi miwili.

6. SUKARI IKISHUKA: FANYA HIVI

Dalili: jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kupiga mbio, kichwa kuuma, hasira bila sababu, kusema ovyo, kusinzia, kisha kuzimia. Kwa kipimo, chini ya miligramu 70 ni kushuka.

Kwanza: kama anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika nusu glasi ya mayi, ao nusu glasi ya Fanta yenye sukari.

Pili: ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia.

Tatu: akipata nafuu, ale chakula cha kweli: mkate, ndizi, bugali.

Nne: kama alimeza glibenklamidi, mpeleke kituo hata kama amepona na anacheka. Dawa iko bado mwilini. Asilale peke yake usiku huo.

Tano: kama amezimia, usimmiminie kitu kinywani, kitaingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu, tafuta pikipiki ao gari, mkimbie lopitali. Kule watamtia sukari katika mshipa.

Na kama hujui sukari imepanda ao imeshuka, na hakuna kipimo? Mpe sukari, kama anameza. Iliyopanda, kijiko hakiongezi sana. Iliyoshuka, inaweza kuua saa hiyohiyo.

7. KUFUNGA NA KUOMBA

Tunafika kwa neno lililotuumiza. Wengine watauliza: je, mtu wa sukari hana imani? Sisi tunajibu kwa upole. Luka aliyeandika Injili alikuwa munganga, tunasoma hivyo katika Wakolosai 4:14, na hatuoni mahali alipoambiwa aache kazi yake kwa kuwa ameamini. Mgonjwa anayetaka kufunga, aende kwanza kwa munganga juma moja ao mawili mbele, wapange pamoja. Wengine wanaweza kufunga saa chache na dawa ikabadilishwa. Wengine hawawezi kabisa, na hao waombe pamoja nasi wakiwa wamekula. Kumeza dawa na kukosa chakula, hapana. Kuacha dawa kwa siri ili kufunga, hapana vilevile.

Na mtu akiombewa na akasikia amepona, tunafurahi naye. Lakini apimwe kwanza. Kama sukari imekaa chini miezi mingi, munganga mwenyewe ataona na atapunguza dawa. Ushuhuda wenye kipimo ni ushuhuda ambao hata wasioamini wanausikia.

8. MAMBO TULIYOKATA SHAURI

Sisi makapita tumeongea na Bwana Prefe na mchungaji wa masomo. Tangu sasa, kaye ya maombi ina mstari mwingine: "Je, unameza dawa ya kila siku?" Anayejibu ndiyo haandikwi mpaka aonane na muuguzi, na hakuna atakayemtangaza mbele ya wengine. Katika ofisi ya wanafunzi kuna sasa kopo la sukari, glasi na kijiko, na halifungwi kwa kufuli. Tunaomba wenye njaa ya usiku wasiliguse.

Kila mwaka tarehe 14 mwezi wa 11 ni siku ya kisukari duniani, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa wale waliogundua insulini huko Toronto mwaka 1921. Tunaomba siku hiyo kila mwanafunzi aende nyumbani, akae na mzee wake anayemeza vinini, na amsomee pakiti: jina, kipimo, saa, tarehe ya mwisho. Kazi hiyo haipiti nusu saa.

Tulipokwenda kumwomba mzee wetu msamaha kwa kile kicheko, alitikisa kichwa tu, akasema: "Bana yangu, hamukujua." Ni kweli hatukujua. Lakini ninyi mnaosoma ukurasa huu, sasa mnajua.

Sisi wenu katika kazi,
Kapita mkuu wa wanafunzi,
mwaka wa sita, Kemia na Biolojia, Kalemie.